Ada ya Kiti cha Mama

Bigwa, Morogoro
14 Januari 2025

Abdulatif,

"Kadi hii, dada, inajilipa yenyewe. Ada yake ya mwaka ni kama sadaka: unatoa kidogo, kinarudi kikubwa." Hayo ni maneno yako. Uliyasema sebuleni kwangu ukiwa na kipande cha muhogo mkononi, na mama akaitikia "Amin" kana kwamba umeomba dua. Nimeyaweka juu kabisa, kabla ya salamu, ili ukifungua bahasha uyakute yamekaa yanakusubiri. Ni uongo, na nitakuonyesha ni uongo wa aina gani.

Sasa salamu, maana mama anasema barua isiyo na salamu ni samansi. Sisi wazima. Goti la mama linauma asubuhi, likipata jua linatulia. Mwanangu Mwaisha ameletewa posa na kijana wa Dumila, fundi wa matrekta, mwenye heshima na mlaji mkubwa. Mjomba Hatibu bado ndiye mndewa, mkuu wa ukoo wetu huko Kinole, bado anakohoa, na bado hataki kusikia habari ya kuacha sigara. Mkeo Furaha na watoto hawajambo?

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwenye karatasi. Ni kwa sababu ule ujumbe wako wa Oktoba, uliosema "viti viwili vya Jeddah viko tayari, cha mama na chako dada", siku hizi nikiufungua naambiwa umefutwa. Basi na mimi nimekufungia simu yangu. Karatasi haifutiki kwa kidole. Frank wa duka la simu hapa jirani hupanda treni kila Jumatatu kufuata vipuri Dar. Yeye ndiye atakuletea barua zangu na kubeba majibu yako.

Nikukumbushe tulivyofika hapa, kwa kuwa wewe una tabia ya kusahau mwanzo wa mambo. Ulipopata hiyo kadi ya mkopo ulimweleza mama kwamba kila ukiichanja dukani benki inakuandikia pointi, na pointi zikijaa zinageuka tiketi ya ndege. Mama akaelewa kwa namna yake: kila anayenunua kitu kupitia kwa Latifu anamsogeza yeye karibu na Makka. Akatangaza mlimani kote, Kinole. Ndiyo maana binamu yetu Yunusi aliezeka nyumba yake ya Kinole kwa bati za kutoka Dar, wakati bati hizo hizo zimejaa madukani Morogoro mjini. Alikutumia fedha kwa simu, ukachanja kadi, na Fuso la kuzileta akalipa yeye. Madirisha ya msikiti wa Kinole yalipita kwako. Vyerehani vya kina mama wa Bigwa vilipita kwako. Hakuna aliyelalamika. Watu walikuwa wanampeleka mama yetu Umra bila hata kupitishiwa bakuli la mchango.

Oktoba ukaja mwenyewe ukaichukua pasipoti yake, ile tuliyoihangaikia mpaka mashine ikakubali kusoma vidole vilivyolika kwa jembe. Ukamwambia, "Mama, anza kuaga. Rajabu haitakukuta hapa."

Basi mama ameaga, na unajua kwetu mtu anayekwenda nchi takatifu haagi kwa kupunga mkono. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba radhi. Alipanda hadi Kinole kwa goti lile. Alikwenda kwa Bi Sabra, ambaye hawakuwa wanasemezana tangu ule ugomvi wa mfereji, wakalia wote wawili. Alikwenda hata Ngerengere kwa mama mkwe wako, ambaye hajawahi kumkosea kitu. Amegawa kuku. Jembe lake amempa Mwaisha. Rajabu imeingia, imefika nusu, na mama yuko hapa hapa. Siku hizi hatoki. Akienda msibani watu wanamwuliza, "Bi mkubwa, kumbe umesharudi?"

Nijibu mambo mawili tu. Pointi ni ngapi? Safari ni lini?

Dada yako,
Hafidha

*

Tabata, Dar es Salaam
9 Februari 2025

Dada Hafidha,

Shikamoo. Assalaam aleikum warahmatullah. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa na afya njema, na goti la mama limepata nafuu. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Watoto wanasoma. Furaha yuko dukani mchana kutwa. Ameingiza mzigo mpya wa mabaibui kwa ajili ya Ramadhani na unatoka haraka sana. Mpongeze Mwaisha kwa niaba yangu. Huyo fundi wa matrekta nitamkagua mimi mwenyewe kama mjomba.

Dada, umezoea kupigana na wakubwa gazetini, sasa kalamu umenigeuzia mimi. Sina ugomvi na wewe. Ila kuhusu kadi nadhani huijui. Mwenye kadi hii akifika uwanja wa ndege hakai kwenye mabenchi ya chuma. Anaingia launji, ukumbi wa wateja maalumu, anakula na kunywa bila kulipa. Anasafiri na bima. Anaruhusiwa begi la ziada. Jumlisha hayo yote, halafu uniambie kama hayaipiti ada. Tatizo la watu wetu ni kuangalia kinachotoka mfukoni leo bila kuangalia kitakachorudi kesho.

Kuhusu mama, vuteni subira. Ramadhani viti vya pointi hufungwa kwa sababu kila mtu anataka kwenda. Baada ya Idd tutaona. Mambo ya ndege si kama kwenda stendi ya Msamvu na kuchagua basi.

Kuna jambo jingine. Kile kiwanja cha Kinole penye mikarafuu yangu nataka nijenge nyumba ndogo ya kupumzikia uzeeni. Mjomba Hatibu ameniambia ardhi ni ya ukoo, na kina mama wa ukoo wasiporidhia yeye hawezi kunyoosha mkono. Wote wanakusikiliza wewe. Naomba unisemee, dada.

Mdogo wako,
Abdulatif

*

Bigwa
9 Machi 2025

Abdulatif,

Marahaba. Ramadhani njema. Mwezi umeandama na mama amefunga, goti na yote. Jana alifuturu kwa magimbi na uji wa pilipili manga, akasema chakula kama hiki Makka hakuna, kisha akaweka bakuli chini kama mtu aliyetaja jina la marehemu. Mjomba Hatibu hafungi kwa sababu ya kifua. Sigara anavuta.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nilikuuliza pointi ni ngapi, ukanijibu habari ya chakula cha bure. Nilikuuliza safari ni lini, ukanijibu habari ya kiwanja. Nimefundisha historia sekondari muda mrefu, Latifu. Naijua karatasi ya mwanafunzi ambaye hakusoma.

Lakini twende kwa hoja zako, usije ukasema nimezikimbia. Launji: mama hajawahi kula chakula asichojua aliyekipika, na hataanzia uwanja wa ndege. Begi la ziada la kujaza nini? Begi lake limefungwa tangu Desemba, ndani mna nguo mbili nyeupe, kandambili na dawa ya kuchua. Kuhusu bima sina neno; bima ni kitu kizuri, ila sijapata kusikia mtu aliyepanda ndege ili akaifaidi bima.

Sasa ada. Nimeyasoma masharti ya kadi yako kwenye mtandao wa benki, yameandikwa kwa herufi za sisimizi. Tiketi wanayoiita ya bure unailipia kodi na tozo. Ada wanakata kila mwaka, usafiri usisafiri. Na kwa ada hiyo unapata mbuzi wa maana kwenye mnada wa Dumila. Kwa hiyo kila mwaka benki inamchinja mbuzi wako, inakuita unywe supu, na wewe unawasimulia watu kwamba umealikwa karamu.

Sisemi kadi hiyo haimfai mtu yeyote. Inaweza kumfaa anayesafiri kila mara, ambaye angepanda ndege hata bila kadi na angenunua anavyonunua hata bila pointi. Mtu huyo si wewe. Wewe ulimwona mtu huyo kwenye tangazo, ukautaka ufalme wake, ukaufanya mlima mzima ununue ili wewe uwe yeye. Utamu wa kadi unahesabiwa na anayekalia kiti. Gharama ya Fuso inabebwa na mtu ambaye uwanja wa ndege haujui uko upande gani. Ndiyo hesabu ambayo tangazo haliionyeshi, na ndiyo maana nikasema ni uongo.

Habari ya kiwanja nitaifikisha kwa kina mama wa ukoo. Nimesema nitaifikisha. Sikusema nitakutetea.

Nimalizie na kitu kidogo. Furaha hununua mabaibui yake Kariakoo, hata mimi amewahi kunipeleka kwa tajiri anayemuuzia. Huo mzigo mpya ulioutaja umetoka wapi? Nauliza kwa sababu nilipokuwa namsomea Mwaisha barua yako alikuwa anapepeta mchele. Nilipofika kwenye mstari wa mabaibui, ungo ulisimama.

Bahasha yako imeandikwa kwa mwandiko wa Furaha. Mwandiko mzuri. Msalimie.

Hafidha

*

Tabata
20 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo. Idd iliwapitaje? Huku tulisali salama, watoto walivaa, wakala, wakachafuka. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimebana. Nimempa Frank tende za mama na doti moja ya kanga.

Mambo ya mabaibui ni biashara ya wanawake, sina habari nayo. Mimi Desemba nzima nilikuwa kazini, mtu yeyote wa ofisini atakwambia.

Safari ya mama naishughulikia. Usimtie wasiwasi.

Nikumbushe tarehe ya mahari ya Mwaisha ili niombe ruhusa mapema. Unajua mila yetu: mjomba asipokaa mkekani, neno la mwisho halina wa kulitoa. Na lile la kiwanja limefikia wapi?

Abdulatif

*

Bigwa
11 Mei 2025

Abdulatif,

Marahaba. Mama ameshukuru kwa tende. Kanga hajaivaa, ameiweka kwenye begi pamoja na zile nguo nyeupe, kwa hiyo sasa begi lina kitu kimoja zaidi na safari ni ile ile. Mvua za masika zimebomoa njia ya Kinole pale kwenye kona, magari hayapandi. Mjomba Hatibu anasema ni afadhali, wageni wamepungua. Yunusi amepata mtoto wa kike. Bati zake hazivuji.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Soma tena barua yangu ya Machi. Nilikuuliza mabaibui yametoka wapi. Mahali sikukutajia, mwezi sikukutajia. Ni nani aliyekuuliza Desemba ulikuwa wapi?

Nilimwita Mwaisha nikamsomea sentensi hiyo moja, "Mimi Desemba nzima nilikuwa kazini." Akaanza kulia kabla sijaikunja karatasi. Halafu akanitolea simu. Picha Furaha aliiweka mwenyewe Desemba, siku moja tu, kisha akaitoa, lakini vijana wa leo wana namna yao ya kuhifadhi. Mwaisha aliificha miezi yote hii kwa sababu anakupenda, na alijua nikiiona hutakaa kwenye mkeka wake.

Nitakuelezea picha hiyo, kwa kuwa wewe ulikuwa kazini, hukuiona ilivyopendeza. Ni launji. Ile ile ya barua yako. Furaha amekaa kwenye kiti cha ngozi, miguu ameikunja kama mtu aliyezaliwa humo. Pembeni yake yuko mama yake wa Ngerengere, ameshika glasi ya juisi kwa mikono miwili. Chini Furaha ameandika, "Dubai na mama kipenzi. Ahsante baba watoto kwa pointi."

Viti viwili, Latifu. Nilivikumbuka mara moja: cha mama, na changu mimi niliyekuwa nimshike mkono.

Na mwezi mmoja kabla ya picha ile, mama alikuwa Ngerengere, amekaa kwenye kibaraza cha mwanamke huyo huyo, akimwambia, "Dada yangu, nakwenda safari ambayo mtu anaweza asirudi, kama nimekukosea nisamehe." Akasamehewa. Akapewa na kuku wa njiani.

Hujui huku kukoje. Bi Sabra, aliyelia naye Novemba, sasa akipita dirishani anaita, "Hajjati, hodi? Zamzam haijafika?" Mama anaitikia, "Bado mwenzangu." Anaitikia kwa adabu, kwa sababu mtu akishaomba radhi hawezi tena kurudisha tusi. Mimi sikuomba radhi kwa mtu. Mimi naweza.

Mama bado hajui. Nakupa mpaka Idd ya kuchinja uje umwambie kwa mdomo wako. Usipokuja nitamwambia mimi, na wewe unajua mimi huwa sipunguzi maneno.

Hafidha

*

Tabata
29 Juni 2025

Dada Hafidha,

Shikamoo. Najua Idd imepita. Nilifika mpaka kituo cha treni, nikarudi. Watoto wazima. Furaha anaumwa kichwa tangu wiki iliyopita. Mpe pole Mjomba Hatibu, nimesikia kikohozi kimezidi.

Dada, nisikilize kidogo kabla hujanitia gazetini. Ile kadi sinayo tena. Niliirudisha benki mwishoni mwa Desemba. Januari ilikuwa zamu ya kulipa ada ya mwaka mwingine, na kwa kweli nilipokaa nikapiga hesabu niliona ada ni kubwa kuliko ninachopata. Sasa masharti ni kwamba ukirudisha kadi, pointi ambazo hujazisafiria zinakufa, hata kama kiti umeshakiandikisha. Viti vya Jeddah vya Desemba vilikuwa vimekwisha, vilivyobaki vilikuwa vya Januari. Vya Dubai vilikuwepo. Furaha alikuwa anahitaji mzigo na mama yake hajawahi kutoka nchini. Ungekuwa wewe ungeziacha ziungue? Niliona ni afadhali mtu anufaike kuliko watu wote kukosa.

Sikuwa na nia mbaya. Nilisema nitatafuta njia nyingine ya mama, mambo yakaingiliana.

Naomba sana usimwambie. Ni mtu mzima, ataumia bure. Na nakuomba mambo haya yasifike Kinole kwa kina mama, wala yasiguse kiti changu kwa Mwaisha. Mimi ndiye kaka yako pekee uliyezaliwa naye.

Mdogo wako,
Abdulatif

*

Bigwa
3 Agosti 2025

Abdulatif,

Marahaba. Hii ni barua yangu ya mwisho, kwa hiyo salamu nitazitoa zote. Mjomba Hatibu ameacha sigara. Daktari alimshindwa, mama akamweza kwa sentensi moja. Mwaisha hajambo. Mtoto wa Yunusi anaota jino. Goti la mama linapata nafuu, maana anafanya mazoezi ya kutembea, utaona kwa nini.

Nimeshangaa sana, na mimi huwa sishangai ovyo. Februari uliniandikia ukurasa mzima wa kuisifu kadi. Launji, bima, begi, "tatizo la watu wetu". Na wakati unaandika hayo kadi ulikuwa huna. Umeirudisha. Umeirudisha kwa sababu ulikaa, ukapiga hesabu, ukaona ada haistahili. Tumebishana miezi sita, kumbe ulikuwa upande wangu tangu Desemba.

Lakini hatuko upande mmoja, na nataka ulione hili vizuri. Mimi nilisema ada haistahili kwa mtu kama wewe. Wewe uliona haistahili kwa abiria kama mama. Umeniandikia mwenyewe kwamba viti vya Jeddah vya Januari vilikuwepo. Ulichotakiwa kufanya ni kulipa ada mara moja tu, ukaweka pointi hai kwa wiki chache, mama akaenda Rajabu kama ulivyomwahidi, halafu hiyo kadi ukaikata kwa mkasi. Miaka yote uliilipa ada ukijisifu, mwaka mmoja tu ilipokuwa ya kiti cha mama ndipo ukakumbuka hesabu. Unaniuliza kama ningeziacha ziungue. Pointi zile zilikuwa ni bati za Yunusi, madirisha ya msikiti, vyerehani vya wanawake wa hapa. Hazikuwa zako kuziunguza, wala hazikuwa zako kuziokoa.

Nimemwambia mama. Nilimwambia asubuhi, baada ya chai, akiwa anaota jua. Sikupunguza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mama wa Ngerengere alikuwa na mtu wa kumshika mkono kwenye ngazi za ndege. Nikamwambia alikuwa na mwanawe. Mama akalitazama goti lake.

"Basi yeye kazaa," akasema.

Unajua ukali wangu, lakini katika yote niliyokuandikia sijawahi kuandika kitu kama hicho.

Baada ya hapo nilipanda Kinole. Kina mama wa ukoo walikaa siku nzima nyumbani kwa Mjomba Hatibu. Niliwasomea barua zako zote, pamoja na za kwangu, wasije wakasema nimechagua. Palipokuwa pa kucheka walicheka, hasa pale kwenye begi la ziada. Mwisho hawakucheka. Kiwanja hukupata. Mjomba Hatibu alijaribu kusema, "Lakini ni mtoto wetu," mkubwa wao akamjibu, "Ndiyo, na ardhi ni ya mama yake."

Halafu wakaitazama mikarafuu yako. Imezaa mwaka huu, Latifu, hujapata kuiona hivyo. Matawi yameinama. Uliipanda ukiwa kijana mwenye nguvu na adabu. Mila inasema mti ni wa aliyepanda na ardhi ni ya ukoo, na tungeweza kubishana juu ya hilo mpaka karafuu zikageuka maua. Hatukubishana. Tulizichuma. Tulipanda wanawake na mabinti, tukachuma mpaka tawi la mwisho. Bi Sabra alipanda na sisi, bila kuitwa, na ndiye aliyeimba. Dirishani siku hizi anapita kimya. Tulichambua, tukaanika majamvini mbele ya nyumba ya Yunusi chini ya bati zile za Dar, na mnunuzi alipokuja hatukukutumia salamu. Ukitaka kunishtaki, anwani yangu unaijua, na gazeti linalonichapisha unalijua. Nitafurahi kujitetea hadharani.

Fedha za karafuu zimetosha tiketi mbili za Jeddah. Hazina pointi, hazina launji, hazina ada ya mwaka ujao. Nimelipa kwa wakala wa safari mjini, nikahesabiwa mbele ya watu, nikapewa stakabadhi. Kundi linaondoka katikati ya Septemba. Mahari ya Mwaisha itapokelewa tukirudi, na mkekani atakaa Yunusi. Mwaisha alilia, kisha akakubali. Wewe ukija utapewa chakula kama mgeni.

Kimebaki kitu kimoja. Wakala anataka pasipoti ya mama, na pasipoti hiyo iko kwako tangu Oktoba. Sikuombi wewe. Wewe nimemaliza kukuomba.

Nasema na wewe, Furaha, kwa sababu bahasha zote za nyumba hiyo unaandika wewe, na mwenye kuandika bahasha anajua kilichomo. Na nasema na wewe, mama wa Ngerengere. Mwanao akusomee hapa, asiruke neno. Sijui kama ulijua kiti ulichokalia ni cha nani. Kama hukujua, sasa unajua. Mama yangu alikuja mpaka kibarazani kwako kukuomba radhi kwa ajili ya safari ambayo uliisafiri wewe, na kuku wako tulimla.

Itoeni hiyo pasipoti popote alipoiweka. Msimpe Frank, msimtumie dereva. Pandeni treni nyie wawili, mje Bigwa kabla Agosti haijaisha, mkae chini kwenye mkeka wa mama, mumwekee mkononi, na mumwombe radhi. Yeye amekwishawaomba.

Hafidha